Sura ya Sita: Kompyuta Iliyokesha Matangani

"Nani alifungua ile mashini?"

"Mutu aliyekuwa na turnavisi."

"Turnavisi yako iko hapa mezani."

"Basi, mama OPJ, unishitaki miye pamoja nayo. Tutapanda gari la askari wote wawili."

Adjuda Mbusa alicheka puani. Inspekta Victoire Bagalwa, OPJ, yaani mpelelezi wa kituo, hakucheka. Alisimama mbele ya nondo za kasho, chumba cha mahabusu, kofia ya polisi kwapani, akimtazama kijana aliyeketi sakafuni. Luc Niyitegeka alikuwa fundi wa simu na kompyuta. Viatu vyake havikuwa na kamba. Kamba zilikuwa mezani kwa Mbusa pamoja na mkanda, simu, turnavisi ndogo ya kufungulia skrubu yenye mpini mwekundu na brashi ya kunyolea iliyolika manyoya. Hivyo ndivyo vitu alivyokutwa navyo jana.

Aliyemshitaki ni Muzee Paulin Nizeyimana wa Katindo, mzee yule yule aliyekuwa akimpa chakula na malazi. Muzee alieleza kwamba kompyuta ya nyumbani kwake imekuwa nzito mno tangu matanga ya mwanawe Anselme. Taa yake ndogo inapepesa usiku na mchana hata pasipo mtu wa kuigusa, na nyuma yake kuna skrubu moja isiyofanana na nyingine. Jirani alimfafanulia maana yake: mashini ikienda polepole hivyo, ujue inatuma habari. Anselme alikuwa akifanya kazi ya forodha Bunagana, na mwezi uliopita, waasi walipoutwaa mji ule, aliuawa akikimbia. Muzee Paulin aliunganisha mambo hayo. Luc ameweka kitu ndani ya mashini, kitu hicho kimepeleka habari za nyumba yake kwa waasi, na mwanawe amekufa.

Katika Goma ya mwezi ule maneno kama hayo yalitosha kumfunga mtu. Jana Victoire alimuuliza Luc maswali yote yaliyohitajika. Luc alijibu yote isipokuwa hilo la nani alifungua mashini. Inspekta akaandika: anakataa kusema. Mkubwa wa kituo alisoma maneno hayo mawili, akapiga simu kwa watu wa jeshi.

"Nauliza tena," alisema Victoire. "Ulifungua wewe?"

"Hapana."

"Unamjua aliyefungua?"

Luc alitazama viatu vyake. "Matanga ya Anselme yanaondolewa lini?"

"Jumamosi."

"Basi muniulize Jumamosi."

"Jumamosi hutakuwa hapa."

"Najua," alisema Luc, na safari hii hakutania.

Mlango wa ofisi ulifunguka. Mkubwa wa kituo hakuingia, alitoa kichwa tu. "Bagalwa, watu wa jeshi watakuja kumchukua alasiri. Umesaini karatasi ya kumkabidhi?"

"Sijamaliza uchunguzi, shefu. Nataka kwenda kuiona hiyo kompyuta."

"Nenda. Lakini saini kwanza, umwachie Mbusa. Ukipata kitu, utarudi uichane. Usipopata, gari lisije likasubiri."

Victoire alisaini. Peni ilikuwa mpya, iliteleza bila kukwama. Mbusa aliiweka karatasi chini ya kijaluba chake cha ugoro, upepo usije ukaipeperusha.

Inspekta alichukua turnavisi na brashi kutoka mezani. "Naazima hivi."

"Uvute waya kwanza kabla ya kufungua," Luc alimwambia kutoka sakafuni. "Umeme haujui cheo."

*

Nyumba ya Muzee Paulin ilikuwa ya mbao, juu ya msingi wa mawe meusi. Turubai la matanga lilikuwa bado limening'inia uani. Chini yake kulikuwa na viti vya plastiki vilivyopandanishwa na duara pana la majivu, pale moto wa kukesha ulipowaka.

"Umekuya na turnavisi ya yule mutu ndani ya nyumba yangu?" alisema Muzee Paulin mlangoni. Alikuwa mrefu, mwembamba, na kofia yake haikutoka kichwani.

"Ni kielelezo, muzee. Leo kinafanya kazi."

Sebuleni kompyuta haikuonekana. Kilichoonekana ni kitambaa cheupe cha kufuma kilichofunika kitu juu ya meza, kikashuka hadi karibu na sakafu. Kioo cha kompyuta tu ndicho kilichoachwa wazi. Juu ya kitambaa kulikuwa na picha ya Anselme katika fremu na maua ndani ya kopo. Chini ya kitambaa kitu kililia bila kupumzika, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa.

Mama Apolline, mke wa Muzee Paulin, alikuwa ameketi kwenye mkeka pembeni ya cherehani yake. Victoire alimpa pole ya msiba, kama jana alipokuja kumkamata Luc, na kuinama kumshika mkono. Hapo aliona kwamba bamba la ubavuni la cherehani lilikuwa limefungwa kwa uzi mweusi, umezungushwa mara nyingi. Aliliona, akainuka.

"Mashini imewaka tangu lini?"

"Tangu matanga," alijibu Fabiola, dadake Anselme, msichana wa chuo aliyekuwa ameegemea ukuta, mikono kifuani. "Haijazimwa."

"Kwa nini?"

Muzee Paulin aligeuza uso. Mkewe ndiye aliyejibu.

"Mwili haukufika, mama. Batu tusiowajua walimuzika kule, ng'ambo ya mupaka. Hapa watu walikuya kulia, na walie juu ya nini? Tukatoa mashini, tukaiweka uani juu ya meza, picha zake zikawa zinapita moja moja. Njo ilikuwa sanduku lake." Alinyoosha kitambaa kwa vidole. "Mutu atazima sanduku ya mutoto wake?"

Victoire alitia kiganja chini ya kitambaa, akakitoa haraka. Kulikuwa na joto la sufuria iliyoepuliwa sasa hivi.

"Uani meza ilikaa wapi?"

"Kando ya moto," alisema Fabiola. "Wanaokesha waone."

"Na kitambaa?"

"Nilikifuma miye," alisema Mama Apolline. "Kilikuwa cha arusi yake."

Inspekta alikiinua kwa mikono miwili, akakikunja taratibu na kumrudishia mwenyewe. Kisha akavuta kiti mbele ya kioo. Kabla ya kujiunga na polisi alisoma mwaka mmoja wa informatiki katika chuo kimoja mjini, hadi karo ilipokatika, na vitu hivi havikumtisha. Alimwomba Fabiola afungue picha yoyote.

"Tungoje," alisema Fabiola. "Unaweza kwenda kuchota maji, urudi, uoge."

Dirisha likafunguka jeupe, likabaki jeupe. Taa ndogo mbele ya sanduku la kompyuta ilipepesa, ikapepesa.

"Unaona?" Muzee Paulin alinyoosha kidole. "Hakuna mutu anaigusa. Inasema na nani?"

"Swali zuri, muzee. Fabiola, mnaingia intaneti kwa njia gani?"

"Kwa simu yangu, na waya."

"Waya uko wapi?"

"Ulipotea matangani, siku ya kwanza. Nimelalamika mpaka nimechoka. Mushangazi mmoja alifikiri ni wa kuchaji, akaenda nao."

"Hakuna njia nyingine? Modemu?"

"Modemu! Mama OPJ, hapa kwetu hata redio inashika stesheni moja."

Victoire alizunguka nyuma ya sanduku, akapitisha kidole kwenye kila tundu. Waya wa umeme, wa kioo, wa kibodi, wa kipanya, wa spika. Basi. Alirudi kitini.

"Muzee, tangu matanga mashini hii haikuwa na njia ya kutoka nje. Ikisema, inasema peke yake. Taa ile inaonyesha diski inafanya kazi. Sasa tuone inafanyishwa kazi na nani."

"Na habari zilizotoka kabla ya matanga?"

"Kabla ya matanga ilikuwa nzito?"

Muzee Paulin alimgeukia binti yake. "Ilikuwa na uvivu wake," alisema Fabiola badala yake. "Lakini nilikuwa naandikia kazi yangu ya chuo. Sasa hivi siwezi kuandika hata jina."

Victoire alifungua orodha ya programu zinazoanza pamoja na mashini. Ilichukua muda. Orodha ilipokuja, Fabiola aliinama kuisoma, akapiga mluzi.

"Zote hizi?"

"Zote zinaamka nayo pamoja, kama wageni waliolala hapa na kila mmoja anataka chai yake kwanza. Tatu za kupiga muziki. Hii ya picha inazunguka diski nzima kutafuta sura. Na hii hapa, yenye jina la herufi zisizosomeka."

"Njo hiyo!" Muzee Paulin aliisogelea meza. "Njo hiyo ya waasi!"

"Ngoja, muzee." Inspekta alitafuta faili lenyewe, akaangalia siku lilipoingia. "Imeingia usiku wa kwanza wa matanga. Usiku huo nani aliigusa mashini?"

Fabiola alijikuna shingo. "Kila mutu."

"Kila mtu ni nani?"

"Kila mwenye wimbo. Kila mwenye picha ya Anselme. Batu walikuja na kle zao za USB, wanachomeka, wananakili. Kwaya ya parokia, wenzake wa shule, binamu wa Rutshuru. Mutu anasema, niko na picha yake akiwa na jezi, weka. Utamwambia hapana?"

"Ya kwanza ilikuwa ya nani?"

Msichana alitazama kibodi. "Ya kwaya. Niliichomeka miye."

"Kirusi hiki kinakaa kwenye kle. Kinaficha mafaili, kinaweka mengine ya uongo badala yake, na ukibonyeza kinajinakili. Hakipeleki habari kwa mtu. Kinakula nguvu tu." Victoire aliingiza CD ya kusafishia virusi aliyokuja nayo. Alipenda CD kwa kazi hii, kwani kirusi hakiwezi kujiandika ndani yake. "Na Luc usiku ule? Alichomeka nini?"

"Luc alikuwa anapasua kuni," alisema Fabiola. Hakumtazama baba yake. "Alipoona tunachomeka kle za watu alisema tuache, mashini itaugua. Papa akamwambia anyamaze, haiko siku ya kufundishana."

Muzee Paulin aliivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

Kusafisha kulichukua sehemu kubwa ya asubuhi. Kirusi kilipokwisha, Victoire alizizuia programu nyingine zisiamke bila kuitwa. Nyimbo hakuzifuta, ingawa wimbo mmoja ulikuwa umenakiliwa zaidi ya mara kumi. Mashini ilipata nafuu. Dirisha lililokuwa jeupe likajaa. Lakini feni bado ililia, na taa bado ilipepesa.

"Bado kuna kitu," alisema. "Lazima nifungue. Na kabla ya kufungua, lazima izimwe."

"Haizimwi," alisema Muzee Paulin.

"Muzee, alasiri gari la jeshi linakuja kumchukua Luc."

"Limuchukue. Miye wangu alichukuliwa, nani alinifungulia mashini?"

Hapo Mama Apolline aliinuka kutoka mkekani. Alikiweka kitambaa begani kama mtu anayekwenda kufua, akapita mbele ya mumewe, akainamia meza.

"Ni wapi?" alimuuliza Victoire.

"Kitufe hiki, mama. Bonyeza kidogo tu."

Mama Apolline alibonyeza. Kioo kikawa cheusi, nyuki akanyamaza. Sebule ikawa kimya kiasi kwamba walisikia mtu akifua nguo nyumba ya pili. Muzee Paulin alitoka nje, lakini hakwenda mbali. Kivuli chake kilibaki kizingitini.

Victoire alichomoa waya, akazilegeza skrubu. Tatu zilikuwa nyeusi za kiwandani. Ya nne ilikuwa ya shaba, nene, na iliingia upande. Mtu aliilazimisha. Aliiweka peke yake ukingoni mwa meza.

Kifuniko kilipotoka Fabiola alikohoa. Feni haikuonekana. Pale ilipopaswa kuwa palikuwa na kitu kama andazi la kijivu. Victoire alilibandua kwa brashi ya Luc, taratibu, mapanga ya feni yakatokea moja baada ya jingine.

"Majivu ya kuni," alisema. "Ya moto wa kukesha. Feni ilivuta moshi na majivu siku zote za matanga, kisha mkaifunika na kitambaa. Kompyuta ikipata joto, inajipunguzia mwendo yenyewe isiungue. Haikuwa na hila, muzee. Ilikuwa inakosa pumzi."

Kivuli cha kizingitini kilijongea hatua moja.

"Sasa uje uone hiki. Uje wewe mwenyewe, wewe ndiye uliyeshitaki."

Alikuja. Victoire alimulika tochi ya simu ndani ya sanduku, kwenye mifereji miwili myembamba iliyolala sambamba. Mmoja ulikuwa na kipande kilichosimama ndani yake, kama sega. Mwingine ulikuwa wazi.

"Hivi vinaitwa bareti. Ni kumbukumbu ya kufanyia kazi. Mashini hii ilitoka dukani na mbili, na ndiyo maana plastiki ya kufunika nafasi zote mbili imechanwa. Moja imetolewa. Kwa kuwa kumbukumbu haitoshi, inaenda kuhifadhi kwenye diski kila mara, inachukua, inarudisha. Ndiyo hiyo taa unayoiona."

"Unaona!" sauti ya muzee ilipanda. "Ameiba. Hata kama hakuna habari za waasi, ni mwizi."

"Ilitolewa lini?"

"Nitajua wapi?"

"Mashini inajua." Alichovya ncha ya turnavisi katika mfereji ulio wazi, akaitoa polepole, akaipangusa kwenye kipande cha karatasi nyeupe. "Tazama. Juu ni majivu ya kijivu, laini. Hayo ni ya matanga. Na chini?"

Muzee Paulin aliinama. Chini ya kijivu kulikuwa na punje nyeusi zilizometameta. Fabiola alizigusa, akazisugua kati ya vidole viwili, akaacha.

"Inakwaruza," alisema. "Ni ya volkano. Ile iliyotunyeshea mwaka jana. Tuliifagia kwenye mabati wiki nzima."

"Na sasa huku." Victoire aliing'oa bareti iliyobaki, akamulika chini yake. Mfereji wake ulikuwa safi, unang'aa. "Palipokaa bareti, vumbi halikuingia. Palipokuwa wazi, ziliingia punje za volkano kwanza, majivu ya matanga baadaye. Kwa hiyo siku mlima ulipolipuka, bareti ile ilikuwa imeshatoka. Muzee, Luc alianza lini kuingia nyumba hii?"

"Baada ya volkano," alisema Muzee Paulin upesi, kama mtu anayejua alichoulizwa. "Lava ilikula nyumba ya kwao kule Kibati. Anselme alimuleta hapa na shati alilolivaa tu. Miye njo nilimupa koti."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo sikumujua hata..."

Aliketi kwenye kiti cha Victoire. Fabiola alimwekea mkono begani, naye hakuuondoa.

Inspekta aliichukua ile skrubu ya shaba kutoka ukingoni mwa meza. Alivuka chumba, akachuchumaa mbele ya cherehani, akausogeza ule uzi mweusi kwa ukucha. Chini yake bamba lilikuwa na tundu tupu. Aliitia skrubu. Iliingia bila kulazimishwa, ikazunguka mpaka mwisho.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "cherehani yako inakosa skrubu tangu lini?"

Mama Apolline alikiminya kitambaa cha arusi kifuani. "Tangu kabla ya volkano."

"Aliichukua nani?"

"Unajua aliyeichukua."

"Lazima nisikie kwako, mama. Bila hivyo siwezi kuichana ile karatasi ya kumkabidhi Luc."

Mama Apolline alizungumza akiitazama picha ndani ya fremu, si watu waliokuwamo. "Ordinatere ya kazini kwake, kompyuta yao, ilikufa. Patron alimwambia atafute dawa yake au atafute kazi nyingine. Akaniambia, mama, nachukua kipande kimoja tu, nitakirudisha, papa asijue. Skrubu ikamuponyoka kati ya mbao. Nikamupa ya cherehani. Papa yake alikataza mutu kuigusa ile mashini. Ilinunuliwa kwa bei ya ng'ombe wa mwisho wa Masisi, wale wengine walikwenda na wenye bunduki. Ungemusikia siku ile alipoileta! Alisema hii angalau hawatakula."

"Na Luc alijua?"

"Luc alitaka kuisafisha vumbi, mwaka jana. Anselme akamuzuia, akamweleza. Wakacheka wote wawili hapo mulangoni."

"Jana nilipokuja kumchukua Luc, ulikuwa umekaa hapo hapo, mama."

"Nilikuwa hapa."

"Hukusema."

"Marehemu hasemwi mpaka matanga yake yaondoke. Hivyo njo kwetu. Ukimutaja kwa ubaya ndani ya matanga, ni kama kumutoa nje na baridi. Nikasema Jumamosi iko karibu. Jumamosi, wakiisha kunyoa, nitamwambia papa yake. Nilijua Luc naye atanyamaza, amelelewa vizuri." Alifuta uso kwa kitambaa, majivu kidogo yakabaki shavuni. "Nilifikiri watamuweka tu pale kituoni. Watamupa chai."

Victoire alirudi mezani, akaipachika bareti, akafunga kifuniko kwa zile skrubu tatu, akachomeka waya. Kitufe alimwachia Muzee Paulin.

Mzee alibonyeza. Feni ilipumua, haikulia. Hakuwahi hata kukaa sawasawa kitini, picha ilikuwa imeshakuja: Anselme juu ya lava iliyopoa, mikono hewani kama aliyefunga goli, na pembeni yake Luc, amevaa koti kubwa kuliko mabega yake.

"Upesi hivi?" alisema Muzee Paulin.

"Ilikuwa inataka hewa tu. Ukiongeza bareti ya pili itakimbia zaidi."

"Koti langu," alisema mzee. "Mutoto anavaa koti langu."

Victoire alikuwa ameshatoka uani, simu sikioni. Iliita kwa muda mrefu.

"Mbusa, ile karatasi. Ichane. Nimepata ushahidi, muzee ataondoa mashitaka."

Upande wa pili Mbusa alisafisha koo. "Shefu, walikuja mapema."

"Mapema vipi? Ni saa sita!"

"Walikuja. Wameshaenda."

"Uliwaambia wanisubiri?"

"Karatasi ilikuwa na saini yako, shefu. Ningewaambia nini? Hawakungoja hata avae kamba za viatu. Ziko hapa mezani."

Jambo moja tu lilikwenda haraka siku hiyo, kule kukabidhiwa kwa Luc, na yeye mwenyewe ndiye aliyelisukuma kwa saini. Victoire aliiweka simu mfukoni. Alipogeuka, Muzee Paulin alikuwa amesimama nyuma yake.

"Umesikia, muzee?"

"Nimesikia. Tuende."

*

Walipitia kituoni. Victoire aliandika upya maelezo, akamsomea mzee, mzee akatia dole gumba na saini pia, kwa kuwa hakuamini kwamba kimoja kitatosha. Mbusa alizisukuma zile kamba mbili mezani bila kuinua macho. Inspekta alinyoosha mkono, lakini Muzee Paulin alikuwa ameshazichukua.

Getini mwa kambi ya jeshi askari aliisoma karatasi mpya, akaigeuza, akasoma na mgongo wake usioandikwa kitu.

"Inspekta, huyu haiko wa polisi tena. Mulimukabidhi."

"Nilimkabidhi kwa kosa ambalo halipo. Maelezo yote yako hapo. Mshitaki mwenyewe ni huyu."

"Nimekuya kuondoa neno langu," alisema Muzee Paulin.

"Muzee, hapa tunapokea watu, hatupokei maneno."

"Basi munirudishie mutu."

Askari alimpima kwa macho, kutoka kofia hadi viatu. Hakuwa mkali. Alikuwa kijana, na alionekana kuwa amekwisha kujibu swali hilo mara nyingi tangu asubuhi. "Mukubwa ametoka. Akirudi atasoma. Akirudi leo, leo. Akirudi kesho, kesho." Alichukua peni nyuma ya sikio. "Niandike nani anamutafuta? Wewe ni nani wake?"

Victoire alifungua mdomo ili ajibu badala yake: mshitaki, mwenye nyumba, jirani. Mzee alimtangulia.

"Ni papa yake."

"Jina la mutoto?"

"Luc Niyitegeka."

Askari aliandika. Kisha akaonyesha kwa peni upande wa pili wa barabara, palipopangwa mawe meusi kandokando ya ukuta. Watu walikuwa wameyakalia, akina mama wengi, wazee wachache, wengine na chakula ndani ya vikapu vilivyofungwa kwa kitenge.

"Kaa pale na mapapa wengine."

Muzee Paulin alivuka barabara, akaketi. Aliivua kofia na kuiweka gotini, na ndani yake akaziweka zile kamba, akazinyoosha, akazilaza sambamba. Mwanamke aliyekuwa kwenye jiwe la jirani alisogea kumpa nafasi. Alizitazama kamba, akazitazama tena.